Dopamini, Akili na Maisha na Ugonjwa wa Parkinson: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa Parkinson na watu wanaoishi nao. Nimemuuguza baba yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, kwa miaka tisa sasa, na mengi ya maswali haya ni yale niliyowauliza madaktari mimi mwenyewe au niliyoulizwa na ndugu waliokuja kumjulia hali. Dawa yoyote inayotajwa humu isianzwe, isiongezwe wala isiachwe bila idhini ya daktari anayemtibu mgonjwa.

Je, mtu mwenye Parkinson hupungukiwa na akili?

Swali hili naliweka mbele kwa sababu ndilo linalowaumiza wagonjwa kuliko yote, hata pale ambapo hakuna anayethubutu kulitamka mbele yao. Kwa wengi wao, hasa katika miaka ya mwanzo, jibu ni hapana. Maarifa waliyoyakusanya maishani, msamiati wao, kumbukumbu za watu na matukio, na uwezo wa kupambanua jambo la kweli na la uongo hubaki mahali pake. Kinachoguswa mapema ni kasi ya kufikiri, pamoja na usimamizi wa fikra, yaani kupanga hatua za kazi, kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine, na kushika mambo mawili kichwani kwa wakati mmoja.

Asubuhi moja nilimwuliza baba, kwa mzaha tu, mraba wa 37 ni ngapi, naye alikuwa anafunga vifungo vya shati. Vidole vyake vilisimama kwenye kifungo cha pili. Uso haukubadilika hata kidogo, nami nikadhani hakunisikia, nikafungua kinywa ili nirudie swali. Kabla sijalitoa akasema, kwa sauti ya chini, «1,369», kisha vidole vikaendelea na kifungo. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila ubongo wake haukuweza kuifanya huku ukifunga vifungo, kwa kuwa kazi ambayo zamani mikono iliifanya yenyewe sasa inahitaji kufikiriwa, na fikra hizo hizo ndizo zinazotakiwa na hesabu.

James Parkinson, tabibu wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817 kwa kuwatazama wagonjwa sita tu, aliandika kwamba hisi na akili hazidhuriki. Leo tunajua kwamba maelezo hayo hayakukamilika. Karibu robo ya wagonjwa ambao hawana demensia, yaani kupungukiwa na akili kiasi cha kuvuruga maisha ya kila siku, huonyesha upungufu mdogo wa uwezo wa kufikiri wanapopimwa, na miaka inavyozidi kupita ndivyo hatari ya demensia inavyoongezeka, hasa kwa wazee. Hata hivyo, mtu aliyegunduliwa ugonjwa huu leo hapaswi kutendewa kama aliyekwishapoteza akili.

Dopamini ni nini hasa, na kwa nini kuikosa kunaleta madhara makubwa kiasi hiki?

Dopamini ni kemikali ambayo baadhi ya seli za neva huitumia kupelekeana taarifa. Katika Parkinson, seli zinazokufa zaidi ziko kwenye sehemu ndogo ya shina la ubongo iitwayo sabstansia nigra, yaani dutu nyeusi, iliyopata jina hilo kwa sababu seli zake hubeba rangi nyeusi inayoonekana kwa macho ubongo unapopasuliwa. Ubongo wa binadamu una seli za neva takriban bilioni 86, lakini hizi zinazotengeneza dopamini katika eneo hilo ni laki chache tu. Ni idadi ndogo sana, lakini kila seli moja hutoa matawi yasiyohesabika yanayosambaa katika eneo la ndani ya ubongo liitwalo striata, mahali ambapo ubongo huchagua tendo lipi lianze na lipi lizuiwe.

Dopamini ikipungua striata, uchaguzi huo hukwama. Mtu anataka kunyanyuka kitini, anajua namna ya kunyanyuka, misuli yake ina nguvu, ila ruhusa ya kuanza haitoki, au inatoka kwa kuchelewa. Ndiyo maana uzito wa mwendo ni dalili kuu kuliko kutetemeka, na wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Eneo hilo hilo lina njia zinazokwenda kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga na kuamua, na kwa hiyo upungufu unaochelewesha mguu huweza pia kuchelewesha wazo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba dalili za mwendo huonekana baada ya nusu au zaidi ya seli hizo kupotea. Ubongo huwa umeziba pengo hilo kimya kimya kwa miaka mingi. Katika kipindi hicho mtu anaweza kupoteza uwezo wa kunusa, kufunga choo mara kwa mara, kuwa na sonona, au kupiga mateke na kupiga kelele usingizini kwa kuigiza ndoto zake, bila yeyote kuhusisha mambo hayo na Parkinson.

Ilijulikanaje kwamba tatizo ni dopamini?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa ya reserpini, inayomaliza akiba ya dopamini na kemikali nyingine za aina hiyo, wakalegea wasiweze kujongea. Alipowadunga levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, wakaamka na kutembea tena. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na mwenzake, wakiwa Vienna, walipima ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Parkinson na kukuta dopamini imepungua mno katika striata. Mwaka 1967 George Cotzias, nchini Marekani, alionyesha kwamba levodopa ikitolewa kwa kuongeza dozi polepole hadi kufikia kiwango kikubwa, watu waliokuwa hawajiwezi huweza kusimama na kutembea. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mimi hukumbuka habari ya wale sungura kila ninapomwona baba akinywa kidonge chake cha asubuhi, kwa sababu nusu saa au dakika arobaini baadaye naliona jambo lile lile kitandani kwake.

Kwa nini basi mgonjwa asipewe dopamini yenyewe?

Kwa sababu dopamini haipenyi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Levodopa hupenya, kwa kuwa inabebwa na njia ile ile inayoingiza viini vya protini ubongoni. Huambatanishwa na kabidopa au benserazidi, dawa zinazozuia levodopa isigeuzwe mapema nje ya ubongo, ambako ingeleta kichefuchefu na kushusha shinikizo la damu.

Hapo pia ndipo ilipo sababu ya ushauri kuhusu chakula. Nyama, maziwa, mayai na maharage vikimeng'enywa hutoa viini vinavyogombania njia hiyo na levodopa, hivyo kwa wagonjwa wengine dozi inayonywewa pamoja na mlo mzito wa protini hufanya kazi kidogo au huchelewa. Kwa kawaida hushauriwa kunywa dawa nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Ushauri huo haumaanishi kuacha protini, kwa sababu wagonjwa wengi hupungua uzito na wanaihitaji.

Tunaambiwa dawa inywewe kwa saa bila kukosea. Je, dakika ishirini zina tofauti gani?

Zina tofauti kubwa, na tofauti hiyo huongezeka miaka inavyokwenda. Kiwango cha levodopa katika damu hushuka kwa nusu ndani ya takriban saa moja na nusu. Mwanzoni mwa ugonjwa, seli zilizobaki huhifadhi dopamini na kuitoa kidogo kidogo, hivyo mgonjwa hahisi mapengo baina ya dozi. Seli zinapozidi kupungua, ghala hilo linatoweka, na mgonjwa anaanza kupanda na kushuka pamoja na kidonge: kwa muda wa saa mbili anatembea na kuzungumza, kisha dawa inaisha nguvu na mwili unakakamaa. Wakati dozi iko juu, wengine hupata miondoko ya kujinyonganyonga wasiyoikusudia.

Wachache wanafahamu kwamba fikra na hisia nazo hupanda na kushuka hivyo hivyo. Dawa inapoisha nguvu, mtu huweza kupatwa na hofu kali, huzuni ya ghafla, au kushindwa kufuata mazungumzo, kisha akarudi katika hali yake baada ya dozi inayofuata. Kwa sababu hiyo, vipimo vya uwezo wa akili, mazungumzo ya fedha na maamuzi yoyote mazito yawekwe katika saa ambazo dawa inafanya kazi. Baba alipimwa kumbukumbu mara ya kwanza saa tano asubuhi, katika kliniki tuliyosubiri muda mrefu mpaka dozi yake ikapita, na matokeo yakaandikwa kuwa mabaya. Alipopimwa tena wiki tatu baadaye, saa moja baada ya dawa, alipata alama za juu. Tangu hapo natembea na vidonge vyake na chupa ya maji popote tunapokwenda.

Kamwe dawa hizi zisikatishwe ghafla, hata mgonjwa anapolazwa kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Kukatisha ghafla huweza kuleta homa kali, kukakamaa kwa mwili mzima na kuchanganyikiwa, hali inayoweza kuua.

Kama kukosa dopamini kunachelewesha fikra, je, kuiongeza kutamfanya mtu awe na akili zaidi?

Hapana. Sehemu za ubongo hazipotezi dopamini kwa kiwango kimoja. Katika miaka ya mwanzo, maeneo yanayoongoza mwendo huwa yamepungukiwa sana, huku mengine, hasa yanayohusika na kujifunza kutokana na malipo na hasara, yakiwa na kiasi kinachokaribia kutosha. Dozi inayofaa mguu inaweza kuwa imezidi kwa maeneo hayo. Kwa kazi za kufikiri, kiasi kidogo mno kinadhuru na kiasi kikubwa mno nacho kinadhuru.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulilionyesha hili vizuri. Wagonjwa wa Parkinson walipewa mchezo wa kuchagua alama, ambamo machaguo mengine yalielekea kuwa sahihi na mengine kuwa makosa. Wakiwa hawajanywa dawa, walijifunza vyema zaidi kuepuka machaguo mabaya. Wakiwa wamekunywa dawa, walijifunza vyema zaidi kufuata machaguo yenye faida, lakini wakawa wazito kujifunza kutokana na makosa. Watu walikuwa wale wale, na kilichobadilika ni kemia iliyoamua ni somo gani liingie. Nilipolielewa jambo hili nilianza kupunguza hukumu zangu juu ya baba.

Ikumbukwe pia kwamba dopamini siyo peke yake. Parkinson huharibu pia seli zinazotengeneza kemikali nyingine za ubongo, yaani noradrenalini, serotonini na asetilikolini. Hii ya mwisho inahusika sana na umakini na kumbukumbu, na upungufu wake ndio unaoelekea kuchangia demensia, kitu ambacho levodopa haiwezi kukirekebisha.

Kuna dawa zinazoweza kudhuru akili ya mgonjwa?

Ndiyo. Dawa za zamani za kupunguza kutetemeka, kama triheksifenidili, hufanya kazi kwa kuizuia asetilikolini, na kwa mzee zinaweza kuleta usahaulifu na kuchanganyikiwa. Dawa kadhaa za mzio, za usingizi na za kibofu cha mkojo zina tabia hiyo pia. Kundi jingine ni dawa zinazozuia dopamini, mfano haloperidoli ya magonjwa ya akili na metoklopramidi ya kichefuchefu, ambazo huweza kumkakamaza mgonjwa wa Parkinson ndani ya muda mfupi. Orodha ya dawa zote za mgonjwa ikae mfukoni mwake, na aonyeshwe kila mhudumu wa afya kabla hajaandika dawa mpya.

Mume wangu hakuwahi kucheza kamari maishani, na sasa anacheza kwa siri. Je, ni ugonjwa au ni tabia?

Inawezekana kabisa kuwa ni dawa. Dawa zinazoiga dopamini, kama pramipeksoli na ropiniroli, hushikamana kwa nguvu na vipokezi vilivyo katika njia za ubongo za kutafuta starehe na malipo. Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 3,000, ulikuta karibu asilimia 14 wakiwa na tatizo moja au zaidi la kushindwa kujizuia: kamari, ununuzi, ulaji au ngono. Wengi huficha kwa aibu, na ndoa huvunjika kabla daktari hajasikia lolote. Nakuomba, dada, umweleze daktari mapema na bila kumshutumu mumeo. Dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa chini ya uangalizi, mara nyingi hamu hiyo hupungua au kuondoka. Wakati huo fedha za nyumba ziwekwe mahali panapohitaji saini za watu wawili.

Mbona hacheki tena, na haonyeshi kujali?

Misuli ya uso nayo hukakamaa na kuwa mizito. Kope hupepesa mara chache, tabasamu huchelewa, na sauti hushuka mpaka maneno yanamezwa. Watu husoma uso, si moyo, na wakiuona uso mkavu huamini kwamba mwenye uso huo amekasirika, hapendi, au haelewi. Nimeona wageni wakipandisha sauti na kumsemesha baba kama mtoto wa miaka minne, naye ndani alikuwa ametafuta jibu na kulipata, ila lilikuwa bado njiani. Muulizeni anavyojisikia badala ya kumsoma usoni. Mazoezi ya kusema kwa sauti kubwa kwa makusudi, chini ya mtaalamu wa matamshi, husaidia wengi.

Lakini wakati mwingine kutojali kunakoonekana ni kwa kweli. Sonona na hali ya kukosa msukumo wa kufanya lolote ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kwa kuwa zinatokana na kemikali zile zile, na si huzuni tu ya kupokea habari mbaya. Sonona ina tiba, na isipotibiwa humfanya mtu aonekane amepoteza kumbukumbu kuliko ilivyo.

Mama anasema anaona watoto wamekaa chumbani. Tufanye nini?

Kwanza, msimbishie na msimcheke. Kuona watu au wanyama wasiokuwepo hutokea kwa wagonjwa wengi kadiri ugonjwa unavyoendelea, na huweza kusababishwa na dawa za Parkinson, na ugonjwa wenyewe, au na vyote viwili. Wengine hujua kabisa kwamba wanachokiona si cha kweli. Daktari aambiwe, kwa sababu kuna marekebisho ya dawa yanayosaidia. Ikiwa hali imeanza ghafla, ndani ya siku moja au mbili, pamoja na kuchanganyikiwa, tafuteni haraka sababu nyingine: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji mwilini, au dawa mpya.

Tutatofautishaje uzito wa kawaida wa Parkinson na demensia?

Dokezo zuri ni namna mtu anavyoitikia akisaidiwa. Mwenye uzito wa kukumbuka hushindwa kutaja jina, lakini ukimpa herufi ya kwanza au ukimpa majina matatu achague, analipata, maana jina lipo na kilichokwama ni kulitoa. Demensia inatiliwa shaka pale upungufu unapogusa maeneo kadhaa ya akili na kuvuruga maisha ya kila siku kwa namna isiyoelezeka kwa mwendo pekee: mtu aliyesimamia fedha zake miaka yote anashindwa kuelewa bili, au anapotea njia anayoipita kila siku. Demensia ikianza kabla ya dalili za mwendo, au ndani ya mwaka mmoja tangu zianze, madaktari huiita demensia ya chembe za Lewy, kwa jina la Friedrich Lewy aliyezieleza chembe hizo mwaka 1912. Ni mabonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini yanayojikusanya ndani ya seli. Dawa ya rivastigmini, inayoongeza asetilikolini, huwapa baadhi ya wagonjwa nafuu ya wastani.

Je, ugonjwa huu unaambukiza au kurithiwa?

Hauambukizi. Wagonjwa wengi hawana mzazi aliyeugua, ingawa zipo familia zenye mabadiliko ya jeni yanayoongeza hatari, na baadhi ya viuatilifu vya mashambani vimehusishwa nao pia.

Mazoezi yanasaidia kweli, au tunafarijiwa tu?

Yanasaidia kweli. Kutembea kwa kasi, kuendesha baiskeli isiyosogea, kucheza dansi na mazoezi ya uwiano wa mwili huboresha mwendo, usingizi na hali ya moyo, na kwa maoni yangu ni tiba inayopuuzwa kuliko zote.

Miguu inapoganda mlangoni kana kwamba imegundishwa sakafuni, msimvute mkono, maana ataanguka. Baba hukwamuka tunapohesabu pamoja «moja, mbili», au ninapoweka mguu wangu mbele ya wake ili auruke. Tumebandika vipande vya utepe mweupe sakafuni, kimoja kila baada ya hatua, kutoka kitandani hadi bafuni. Mistari hiyo huupa ubongo ishara kutoka nje, mahali ambapo ishara ya ndani imekosekana, na mtu aliyeganda dakika nzima anaivuka kama hakuwa na tatizo.

Je, upasuaji unaweza kurudisha hali ya zamani?

Upasuaji wa kupachika nyaya nyembamba ndani ya ubongo, zinazotoa umeme mdogo kutoka kwenye kifaa kilichowekwa chini ya ngozi ya kifua, uliasisiwa katika sura yake ya kisasa na Alim-Louis Benabid huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Hupunguza kutetemeka na mapandashuka ya dawa kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri. Hautibu demensia, na mwenye demensia kwa kawaida hachaguliwi, kwa kuwa unaweza kumzidishia.

Kwenye kliniki, nani azungumze na daktari?

Mgonjwa mwenyewe, kadiri awezavyo. Mlezi aongeze tu lile ambalo mgonjwa hawezi kuliona, kama vile anavyolala usiku. Mambo ya mirathi, ya nani ataamua kuhusu matibabu na ya fedha yaandikwe mapema, wakati mwenyewe bado anayasema kwa kinywa chake. Daktari akinigeukia mimi na kuuliza «anajisikiaje?», namwomba amwulize baba, kisha sote wawili tunyamaze. Nimezoea kuhesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kusaidia, na mara nyingi baba huwa amekwishaanza kujibu nikifika saba.